Barolo ya 2010 imepauka na ina mashapo: je, imeharibika?

Swali: Habari mtaalamu. Nilikuwa mhasibu wa familia moja ya Waitaliano hapa Nairobi hadi waliporudi kwao mwaka 2019. Siku ya kuagana mzee alinipa chupa ya mvinyo mwekundu, akaniambia niifungue siku yenye maana. Imeandikwa Barolo 2010, Bartolo Mascarello. Tangu siku hiyo iko jikoni, kwenye kabati lililo juu ya friji, imesimama wima. Nia yangu ni kuifungua na mume wangu tukitimiza miaka 25 ya ndoa, yaani miaka 3 ijayo. Juzi niliitoa kuipangusa vumbi nikaimulika kwa tochi ya simu. Rangi imepauka, imekuwa kama ya tofali, na chini kumejaa uchafu mweusi. Shemeji yangu ana baa, na anasema ni feki: haina stempu ya ushuru ya KRA, mvinyo mzuri huwa mweusi na mzito, na uchafu ule huenda ni sumu. Kijana wangu alitafuta tovuti ya kiwanda hakuiona, ila alikuta chupa kama hii ikiuzwa kwa bei ambayo sikuamini. Niitupe, niiuze, au niingoje siku yetu? Mume wangu anatumia dawa za presha, na kuna aliyemwambia mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Naomba mwongozo.

Jibu: Dada yangu, usiitupe. Wasiwasi wako nauona una sehemu tatu: kama mvinyo ni halali, kama umeharibika, na kama utafika siku ya miaka 25 ukiwa mzima. Kuhusu uhalali, uliyoeleza yananipa imani kubwa. Kuhusu kuharibika, rangi uliyoiona na mashapo yaliyo chini havinitishi hata kidogo. Kwa Barolo ya umri huo ningeshangaa kama visingekuwepo. Kinachonitia wasiwasi ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu, yaani lile kabati juu ya friji. Nitafika huko.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyowashtua nyote. Mvinyo mwingi mwekundu unaouzwa Nairobi unatoka Afrika Kusini, na aina tulizozizoea ni Cabernet Sauvignon, Shiraz, Merlot na Pinotage. Zabibu hizo zina maganda yenye rangi nyingi, na mvinyo wake mwingi huuzwa na kunyweka ukiwa bado mchanga. Jicho likizoea hapo, linaanza kuhesabu weusi kuwa ndio ubora. Shemeji yako anauza chupa za namna hiyo kila siku, kwa hiyo simlaumu kwa kupima kila mvinyo kwa kipimo hicho. Lakini si zabibu zote zilizo hivyo. Pinot Noir, ambayo marehemu Richard Leakey aliipanda kwenye ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Ngong, hutoa mvinyo wa rangi nyepesi. Na Barolo hutengenezwa kwa zabibu aina moja peke yake, Nebbiolo, ambayo haitoi mvinyo mweusi hata siku inapotoka kwenye tangi.

Rangi ya mvinyo mwekundu inatoka kwenye maganda, katika kemikali za asili zinazoitwa anthosiani. Nebbiolo ina anthosiani chache, na nyingi kati yake ni za aina isiyodumu. Ndiyo maana mvinyo wake huanza maisha ukiwa mwekundu unaopitisha mwanga, kisha hupauka mapema kuliko wenzake. Siku utakayoufungua, mimina kidogo kwenye glasi kubwa, uiinamishe juu ya karatasi nyeupe. Katikati utaona wekundu wa komamanga lililoiva, na kadiri jicho linavyoelekea ukingoni rangi inageuka kuwa ya chungwa, halafu inafifia hadi karibu kuwa maji. Kwenye Shiraz ya miaka mitatu, ukingo kama huo ungekuwa dalili mbaya kweli. Kwenye Barolo ya 2010 ni kawaida kabisa.

Wala rangi hiyo nyepesi isikufanye udhani mvinyo wenyewe ni mwepesi. Kanuni za Italia zinataka Barolo iwe na kilevi kisichopungua asilimia 13, na tanini yake ni kali kupita mivinyo mingi iliyo myeusi. Tanini ndiyo inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake kwenye birika. Inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na mdomo unahisi umekwaruzwa. Kama wewe na mume wako mmezoea mvinyo mtamu, jiandaeni kwa hilo: Barolo haina utamu wa sukari, sukari yote ya zabibu imeshaliwa na hamira. Ukali wa asidi na ukavu wa tanini mtakaoukuta haumaanishi kwamba umechacha.

Sasa ule uchafu mweusi. Ndani ya chupa, mwaka baada ya mwaka, tanini na anthosiani zinaungana na kujenga minyororo. Mnyororo ukirefuka unashindwa kuendelea kuelea, unazama. Kwa hiyo rangi iliyopungua juu na uchafu uliojaa chini ni kitu kimoja, kimehama tu mahali. Kadiri zinavyozama, mvinyo unaobaki juu unapoteza ukali na kuwa laini mdomoni, na hiyo ndiyo sababu watu huiweka Barolo miaka mingi kabla ya kuinywa. Mashapo hayo hayana madhara. Ukiyameza utaona ni machungu na yana chengachenga kama mchanga, basi. Huenda pia ukakuta vipande vidogo vinavyometa kama kioo vimeng'ang'ania kizibo. Hiyo ni chumvi ya asidi ya tartari inayotoka kwenye zabibu zenyewe, nayo haina neno. Viwanda vikubwa huupoza mvinyo sana na kuuchuja hadi ung'ae, ili mteja asije akauliza swali kama lako. Wazalishaji wadogo wengi hawapendi kuuchuja kiasi hicho kwa kuwa wanaona ladha nayo inabaki kwenye chujio.

Kuhusu sumu, hofu ya shemeji haikutoka hewani. Hapa Kenya tumezika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini methanoli haina rangi na haizami. Huwezi kuiona kwa tochi, na mashapo hayahusiani nayo kwa vyovyote. Kinachokulinda dhidi yake ni kujua pombe imetoka wapi. Na kwa kuwa swali limekuja, niliseme wazi kwa kila anayesoma: mtu akinywa pombe yoyote asiyoijua asili yake, kisha akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa tumbo sana au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asiachwe alale eti pombe imtoke.

Jina lililo kwenye chupa yako lina uzito, na kulielewa kutakusaidia kuamua. Barolo ni kijiji kidogo kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kusini mwa mji wa Torino. Mvinyo wenye jina hilo unaruhusiwa kutengenezwa katika vijiji 11 tu vya eneo hilo, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 38, ambayo 18 kati yake lazima ikae ndani ya mbao. Vilima hivyo viliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Familia ya Mascarello ina hekta zipatazo 5 pale, karibu ekari 12. Shamba la ukubwa huo huku kwetu Nyandarua halimshangazi mtu.

Aliyeianzisha kazi hiyo ni Giulio Mascarello, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanawe Bartolo, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye chupa yako, alipigana msituni dhidi ya mafashisti katika vita vya pili kisha akaingia kazini na baba yake. Bartolo alifariki mwaka 2005, na bintiye Maria Teresa ndiye anayeongoza tangu hapo. Vizazi vitatu, na njia ya kutengeneza Barolo yao haijabadilika sana. Wana vipande vinne vya shamba: Cannubi, San Lorenzo na Rué vilivyo kijijini Barolo, na Rocche kilicho kijiji jirani cha La Morra. Majirani wengi walipoanza kutenga kila kipande na kukiuza kwa jina lake, maana kibandiko chenye jina la shamba maarufu huleta bei nzuri, wao waliendelea kuchanganya zabibu za vipande vyote vinne na kutoa Barolo moja. Hoja yao ni ya kikulima kabisa: kipande hiki kikinyimwa mvua mwaka huu, kile kitakisitiri.

Kuna mgogoro mmoja ambao lazima nikueleze, kwa sababu ndio unaojibu hoja ya shemeji moja kwa moja. Miaka ya 1980, kundi la vijana wa Langhe waliona Barolo ya wazee wao ni kali mno, imepauka mno, na haiuziki. Walitaka mvinyo mweusi zaidi na laini zaidi unaoweza kunyweka mapema. Wakafupisha muda wa maganda kulowa kutoka wiki kadhaa hadi siku chache, na badala ya mapipa makubwa ya zamani wakaleta mapipa madogo mapya ya mwaloni wa Ufaransa, yale ya lita 225, ambayo husaidia kuishika rangi na kuongeza harufu ya vanila. Mmoja wao, Elio Altare wa La Morra, alifikia hatua ya kuyakatakata mapipa makubwa ya baba yake kwa msumeno wa injini. Baba yake akamnyima urithi. Sitaki kusema vijana wale walikosea kwa kila kitu: walileta usafi katika maghala, wakapunguza mavuno ili ubora upande, na dunia nzima ikaanza kuitazama Barolo upya. Baadhi ya mivinyo yao ni mizuri sana.

Bartolo alisimama upande wa pili na hakutetereka. Maganda yake yaliendelea kulowa wiki nyingi, mvinyo ukaendelea kukomaa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, eneo lililo Kroatia, yenye maelfu ya lita, ambayo hayautii mvinyo harufu ya mbao. Uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa akichora vibandiko vya chupa kwa mkono wake, na kimoja kilikataa kwa mpigo mapipa madogo na mwanasiasa Berlusconi. Naona ulikuwa msimamo wa mtu aliyelijua shamba lake. Maganda kulowa muda mrefu ndiko kunakoleta tanini nyingi, na tanini hiyo ndiyo inayozama na kuwa mashapo uliyoyaona. Kwa hiyo mvinyo mweusi na mzito anaousifu shemeji ndio ambao Bartolo alikataa kuutengeneza maisha yake yote.

Kijana wako asihangaike sana na tovuti. Familia hii kwa miaka mingi haikuwa na tovuti kabisa, wala haikuihitaji, kwa kuwa mvinyo wao unaisha kabla haujatangazwa. Bei aliyoiona ni ya kweli. Barolo yao ya 2010 huuzwa nje kwa mamia ya dola za Marekani, na mwaka 2010 wenyewe ulikuwa mmoja wa miaka iliyosifiwa sana katika vilima vile. Bei kama hiyo huvutia wezi wa majina, kwa hiyo si vibaya kuuliza kuhusu feki. Angalia shingoni au kwenye kifuniko cha juu: Barolo halali huwa na ukanda wa karatasi uliogundishwa, wenye nembo ya taifa la Italia na namba yake ya pekee, unaochapishwa na mchapaji wa serikali. Uwe umeshikamana vizuri, bila dalili ya kubanduliwa na kurudishwa. Stempu ya KRA inatakiwa kwenye chupa zinazoingizwa nchini kibiashara. Msafiri aliye mtu mzima anaruhusiwa kuingia Afrika Mashariki na hadi lita 2 za mvinyo kwa matumizi yake, na hakuna anayembandikia stempu uwanja wa ndege. Chupa yako ni mililita 750, na aliyekupa ni Muitaliano aliyekuwa na kila nafasi ya kuibeba mwenyewe kutoka kwao. Maelezo hayo yanatosheleza. Chupa ile ile ingekuwa inauzwa kwenye rafu bila stempu, hapo ningeungana na shemeji.

Basi tufike jikoni. Mvinyo unapenda mahali penye giza, patulivu, penye joto la nyuzi 12 hadi 15 lisilobadilikabadilika, na chupa ilale ili kizibo kiwe kimelowa muda wote. Hali ya hewa ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni ya huruma kwa mvinyo kuliko ya Mombasa, na chumba chenye kivuli hapa kinaweza kuhifadhi chupa miaka kadhaa bila mtambo wowote. Lakini friji hupoza ndani kwa kulitoa joto nje, kwa nyuma, nalo hupanda hadi kwenye kabati lililo juu yake na kutuama. Ongeza mvuke wa sufuria na jiko. Mchana mvinyo unapata joto na kutanuka, unakisukuma kizibo. Usiku unapoa na kunywea, unavuta hewa kidogo. Mzunguko huo umejirudia kila siku tangu 2019. Na kwa kuwa chupa imesimama, kizibo kimekuwa kikikauka taratibu na kupoteza unyumbufu wake. Joto lenyewe pia huharakisha kila kitu kinachotokea ndani, kwa hiyo chupa yako huenda imezeeka kuliko miaka iliyoandikwa juu yake.

Kagua mambo matatu bila kuifungua. Isimamishe mezani, tazama mvinyo unaishia wapi shingoni: ukiwa chini ya kizibo kwa sentimita 2 au 3, ni sawa, ukizidi 5, hewa nyingi imeingia. Pitisha kidole juu ya kifuniko: kizibo kikiwa kimechomoza na kukiinua, joto limekisukuma. Halafu tazama kama kuna michirizi inayonata ukingoni mwa kifuniko, kwa maana hiyo ni dalili kwamba mvinyo umewahi kuvuja. Yote matatu yakiwa salama, una nafasi nzuri sana ya kukuta mvinyo mzima. Tatizo likiwa ni moja, bado uwezekano upo. Yakiwa yote, usikate tamaa kabla ya kuonja, ila usialike wageni kwa ajili yake.

Kuhusu kuiuza, sikushauri. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka kila anayeuza pombe awe na leseni, na wewe huna. Hata ukimpata mfanyabiashara mwenye leseni, swali lake la kwanza litakuwa imehifadhiwa wapi, na ukimjibu kwa ukweli bei itaanguka. Ukimficha utakuwa umemuuzia mtu kitu ambacho huna hakika nacho.

Kuingoja miaka 3? Kama chupa hii ingekuwa imelala kwenye ghala la nyuzi 13 tangu ulipopewa, ningekuambia ngojeni hata miaka 10 mbele. Barolo ya 2010 iliyotunzwa ina umri mrefu wa kuishi. Kwa hali ilivyo, maoni yangu ni muifungue katika kumbukumbu ya ndoa yenu inayokuja. Najua 25 ni namba yenye uzito wake. Lakini mzee alikuomba siku yenye maana, hakukutajia mwaka, na ningependa mnywe mvinyo mzima mwaka huu kuliko mwingine uliochoka siku ya sherehe. Kama moyo wako umeshaamua kungoja, itoe kabatini leo. Ifunge kwa shuka, ilaze chini kabisa ndani ya kabati la nguo, kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Kwa wiki ya kwanza iwekee gazeti chini yake, maana kizibo kilichokauka kinaweza kuvuja kikiguswa na mvinyo ghafla. Kikivuja, siku imeshafika: ifungueni wikendi hiyo.

Namna ya kuifungua ina umuhimu kwa chupa ya umri huu. Siku mbili kabla, isimamishe mahali pasipotikiswa ili mashapo yote yatue chini. Saa moja kabla ya chakula, iweke kwenye friji kwa dakika 20 hivi. Inatakiwa iwe kwenye nyuzi 16 hadi 18, yaani ubaridi wa asubuhi ya Julai hapa Nairobi. Ukiinywa ikiwa na joto la mchana wa Februari, kilevi kinakupiga puani na kila kitu kingine kinajificha. Kata karatasi ya kifuniko, pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kisafi kilicholowa kidogo. Zamisha kizibuo katikati ya kizibo polepole hadi mwisho, kisha vuta kwa mkono usio na haraka. Kizibo kikikatika, usigombane nacho. Sukuma kipande kilichobaki ndani, utamimina kupitia chujio safi la chai.

Washa tochi ya simu, iweke mezani ikitazama juu, na umimine mvinyo kwenye jagi safi la kioo huku shingo ya chupa ikiwa juu ya mwanga. Mimina kwa mkondo mmoja bila kusimama wala kurudisha chupa wima. Mwanzo utaona mvinyo safi unapita kama kioo chekundu. Karibu na mwisho, uzi mweusi kama moshi utaanza kutambaa kuelekea shingoni. Hapo acha. Kilichobaki chini, kama vidole viwili, ni mashapo, kimwage bila majuto. Usiuache kwenye jagi saa nyingi kama wanavyofanya kwa Barolo changa. Mvinyo mkongwe hewani hupoteza harufu upesi. Nusu saa inatosha, mengine utayafuatilia kwenye glasi.

Harufu ndiyo itakayokupa jibu la mwisho. Ukiwa mzima utanusa waridi lililokauka, cheri, lami kwa mbali, labda uyoga na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na itabadilika kila baada ya dakika chache. Ukinusa kadibodi iliyolowa, kizibo kiliingiwa na kemikali fulani inayotokana na ukungu. Haidhuru mwili lakini imeua mvinyo, na si kosa lako wala la kabati. Ukinusa siki au dawa ya kutoa rangi ya kucha, hewa na bakteria wameshafanya kazi yao. Mapovu yanayopanda pamoja na ukungu usiotulia ni dalili ya vijidudu vilivyoamka ndani. Katika hali hizo usijilazimishe kuunywa kwa sababu ya bei.

Mlo uwe wa nyama. Tanini iliyopata protini na mafuta ya kushikana nayo haiusumbui tena ulimi wako, kwa hiyo mbavu za mbuzi zilizochomwa kwa chumvi tu zitafaa sana, au nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu hadi inaachana na mfupa, pamoja na mukimo. Wenyeji wa Piemonte wenyewe hula nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa saa nyingi. Pilipili iwe mbali, kwa maana huufanya mvinyo uwe kama moto, na kachumbari isizidi ndimu. Na nakusihi, mtu yeyote mezani asiuchanganye na soda.

Kuhusu moyo wa mume wako nitakuwa mkali kidogo. Mvinyo mwekundu si dawa. Kile kinachosifiwa kuwamo ndani ya maganda ya zabibu kipo kwenye glasi kwa kiasi kidogo mno kuweza kumtibu mtu, ilhali kilevi chenyewe hupandisha presha kikizoeleka. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Tena baadhi ya dawa za presha zikikutana na pombe humfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka, hata aanguke. Abebe pakiti za dawa zake zote, si majina ya kukumbuka kichwani, ampelekee daktari wake au mfamasia, amuulize kama glasi moja siku moja ina shida. Asiache dawa siku hiyo ili anywe. Hilo ni baya kuliko pombe yenyewe. Akiambiwa hapana, basi anuse na kuonja tone ulimini, nawe unywe kwa niaba yenu wawili.

Ukikuta mvinyo umeshuka sana shingoni, au ukanda wa serikali unaonekana kuchezewa, usiamue peke yako kupitia simu. Piga picha tano kwenye mwanga wa mchana: kibandiko cha mbele, cha nyuma, ukanda na namba yake, shingo kwa pembeni, na kifuniko kwa juu. Mpelekee mtu anayesimamia mvinyo katika mojawapo ya hoteli kubwa za mjini, au muuzaji mwenye leseni anayeagiza mvinyo wa Italia. Chupa yenyewe iache nyumbani, kwa maana kuirusharusha kwenye matatu kutayavuruga mashapo na kuipasha joto bila sababu. Anayeijua Barolo hatahitaji zaidi ya picha hizo kukuambia kama kuna jambo la kuogopa.